Kusoma Usichokipenda: Somo Kutoka kwa Riwaya ya Mvuke na Wanyonya Damu

Nina swali moja tu la kukuuliza kabla sijaendelea: je, mtu anaweza kukihukumu kwa haki kitabu asichokipenda? Usijibu haraka. Wahenga walinena kwamba usilolijua ni kama usiku wa giza, nasi wanafunzi wa fasihi tuna tabia ya kutoa hukumu gizani.

Swali hili si la kubuni. Mwaka huu chama chetu kiliandaa mjadala mkali wenye mada, "Riwaya za mashetani na mitambo hazina nafasi katika rafu ya chama." Tulikuwa tumepokea katoni mbili za vitabu vya hadithi, vingi vya Kiingereza, na majalada yake peke yake yalizua kizaazaa. Waliounga mkono walisema huo ni upuuzi wa Wazungu, eti tuwape wauza njugu wafungie. Wapinzani wakasema kitabu ni kitabu. Kilichonishangaza ni kwamba pande zote mbili hazikuwa zimefungua hata ukurasa mmoja! Basi mlezi wetu akaamuru kura isipigwe mpaka mwanachama mmoja asiyependa kabisa vitabu vya namna hiyo akisome kimoja na kuandika somo. Jina langu likapita bila kupingwa.

Kila mtu ananijua. Mimi ni mtu wa *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, *Siku Njema* ya Ken Walibora na *Chozi la Heri* ya Assumpta Matei. Nikifungua riwaya nataka kuona jikoni, mshahara, shamba na mwenye nyumba anayedai kodi. Shetani akitokea ukurasa wa kwanza, mimi hapana. Lakini kazi ni kazi. Nilikisoma chote, na haya ndiyo niliyojifunza.

MANENO MATATU KWANZA

Riwaya niliyopewa huitwa *Soulless*, yaani "Asiye na Roho". Iliandikwa na Gail Carriger wa Marekani, ikachapishwa mwaka 2009. Ni ya kwanza katika mfululizo wa vitabu vitano, cha mwisho kikiwa cha 2012. Tanzu tatu zimechanganywa chunguni, na ni lazima tuzitenganishe.

(a) Stimpanki. Jina hili lilibuniwa mwaka 1987 na mwandishi K. W. Jeter katika barua aliyoliandikia jarida la Locus la Marekani. Alitaka jina la hadithi ambazo yeye na wenzake Tim Powers na James Blaylock walikuwa wakiandika, hadithi zinazorejea enzi za Malkia Victoria aliyetawala Uingereza kutoka 1837 hadi 1901. Katika hadithi hizo nguvu ya mvuke imefanya makubwa kuliko ilivyofanya katika historia: kuna merikebu za angani, watu wa chuma na mashine za kuhesabu. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ni neno la Kiingereza la mvuke, na sisi Wakenya tunalo kinywani kila siku. Si tunasema "stima imepotea"? Watu wa pwani waliita meli ya mvuke stima, nasi wa bara tukalichukua neno lilelile likawa umeme.

(b) Mnyonya damu. Huyu ni mfu asiyekufa, anayeishi kwa kunywa damu ya walio hai na kuliogopa jua. Katika riwaya na hadithi za Kiingereza alitambulishwa na John Polidori mwaka 1819, akafuatwa na *Carmilla* ya Sheridan Le Fanu mwaka 1872, na hatimaye akapata umaarufu kwa *Dracula* ya Bram Stoker mwaka 1897.

(c) Mahaba. Katika utanzu huu watu wawili hugombana kutoka sura ya kwanza, na msomaji anajua wazi kwamba watapatana. Raha yake haimo katika "je, watapatana?" bali katika "watapatana vipi?"

KISA KWA UFUPI

Mhusika mkuu ni Bi Alexia Tarabotti, mwanamke wa London ambaye jamii yake inamwona amekwisha pitwa na wakati wa kuolewa. Baba yake, Mwitaliano, alikufa zamani. Mama yake na dada zake wa kambo wanamwona mzigo. Pua yake ni kubwa, rangi yake imekolea kuliko wapendavyo watu wa tabaka lake, na kosa kubwa zaidi ni kwamba anasoma vitabu na kutoa maoni.

Katika ulimwengu huo, wanyonya damu na watu wanaogeuka mbwa-mwitu hawajifichi. Wanaishi hadharani na wana vyeo. Wanyonya damu hukaa kwa mizinga kama nyuki, kila mzinga na malkia wake. Serikali ina ofisi ya kuwasajili wote, na mkuu wake ni Lord Maccon kutoka Uskoti, kiongozi wa kundi la watu wa mbwa-mwitu, mwenye sauti kubwa na nguo zisizopigwa pasi. Naye Alexia ana siri: amezaliwa bila roho. Akimgusa mnyonya damu, meno yake hurudi ndani akawa mtu wa kawaida. Akimgusa mtu wa mbwa-mwitu, hawezi kugeuka.

Kisa kinaanza katika karamu ambako chakula hakitoshi. Alexia anajitenga maktabani anywe chai, anavamiwa na mnyonya damu asiyejua yeye ni nani, na katika purukushani anamuua kwa kijiti chake cha nywele. Kutoka hapo inagunduliwa kwamba wanyonya damu na mbwa-mwitu wasio na makundi wanatoweka mjini mmoja mmoja. Nani anawachukua? Uhondo huo nitauonjesha kidogo tu, mengine ujisomee.

HATUA YA KWANZA: ITAFUTE "-NGALI-" YA KITABU

Hapa ndipo Kiswahili kilipoanza kunisaidia. Mwalimu wetu hutufundisha kwamba -ngali- huonyesha sharti ambalo halikutimia: "Angalisoma angalifaulu." Sentensi hiyo ina vipande viwili. Kipande cha kwanza huwa hatukipingi. Hatusemi, "Lakini hakusoma!" Tunakikubali kwa muda, kisha tunauliza kama kipande cha pili kinafuata.

Kumbe stimpanki yote ni fasihi ya -ngali-! Chukua mfano wa kweli. Mwingereza Charles Babbage alisanifu mashine ya kuhesabu yenye magurudumu ya meno katika miaka ya 1830, akafa mwaka 1871 kabla ya kuikamilisha. Angaliikamilisha, Uingereza ungalikuwaje? William Gibson na Bruce Sterling waliliuliza swali hilo wakatunga riwaya nzima, *The Difference Engine*, mwaka 1990.

Sentensi ya Carriger ni hii: wanyonya damu wangalikuwepo na wangalikubaliwa na wafalme wa Uingereza, mambo yangalikuwaje? Kipande cha kwanza ni bure, ni zawadi tunayompa mwandishi. Msomaji anayekipinga amekataa mchezo kabla ya filimbi kulia. Kazi yetu ni kukikagua kipande cha pili. Katika riwaya hii, mtu mwenye roho nyingi kupita kiasi ndiye anayeweza kuumwa au kung'atwa asife, akageuka kiumbe cha ajabu. Asiye na roho anaifuta nguvu hiyo. Basi wanasayansi wataitafuta roho waipime, malkia wa mzinga atamwogopa Alexia, na serikali itataka kumtumia. Yote hayo yanafuata.

Mnajua walimu wanavyokasirika mtu akichanganya -nge- na -ngali- katika sentensi moja. Riwaya ya ajabu inayobadilisha kanuni zake katikati ili kumwokoa mhusika ina kosa lilelile. Kosa hilo sikuliona hapa.

HATUA YA PILI: TENGA "SIPENDI" NA "KIBAYA"

Nilichora mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Upande wa kushoto niliandika SIPENDI, wa kulia KIBAYA. Jaribuni, ni zoezi gumu! Mambo mengi niliyotaka kuyaandika kulia, nilipojiuliza "kwa nini ni kibaya?" nilikosa hoja, ikabidi yaende kushoto.

Mfano ni chai na adabu. Watu wa riwaya hii hawachoki kuzungumzia kofia, vitambaa, vikombe na nani ametambulishwa kwa nani. Mimi hayo yananichosha, kwa hivyo SIPENDI. Lakini tazama kazi yake. Alexia anapovamiwa na kiumbe anayetaka kumnyonya damu, kinachomuudhi zaidi ni kwamba kiumbe huyo hakutambulishwa kwake kwanza. Hiyo ni kejeli. Mwandishi anaicheka jamii ambayo kuvunja adabu ni kosa kubwa kuliko kuvunja shingo. Sasa adabu zile si mapambo tena, ni mbinu ya uandishi.

Upande wa KIBAYA niliandika jambo moja kwa kalamu nyekundu. Kuna mahali ambapo wahusika wawili wamefungiwa, adui yuko nje, hatari imefika shingoni, na bado wanapata nafasi ya kubusiana na kugombana kurasa kadhaa. Taharuki inavuja kama ndoo yenye tundu. Hili si suala la ladha yangu. Ni kasoro ya muundo, na hata mpenzi wa mahaba anaweza kuthibitishiwa kwa kumwonyesha kurasa.

Kwani faida ya zoezi hili ni nini? Ni kwamba mwanafunzi anayeandika katika jibu lake "riwaya hii inachosha" hajasema lolote kuhusu riwaya. Amesema habari zake mwenyewe.

HATUA YA TATU: ULIZA AJABU HILO LINASIMAMIA NINI

Usiulize kama wanyonya damu wapo. Uliza wanafanya kazi gani katika hadithi.

Kwanza, kuna suala la mwanamke. Nyumbani kwao Alexia hana thamani kwa sababu hajaolewa. Roho yake anayokosa haionekani kwa macho, na mama yake hana habari nayo. Mume anayekosa ndiye anayeonekana na kila mtu. Ni kioja kilichoje kwamba serikali inayajua ya ndani ya binti huyo kuliko aliyemzaa!

Pili, kuna suala la kuandikishwa. Aliye ndani ya mzinga au kundi analindwa. Anayeishi peke yake akitoweka, nani atapiga ripoti? Ndiyo sababu watekaji wanawaanza hao wapweke. Msomaji yeyote anayejua mji mkubwa analielewa jambo hili bila kuambiwa na mnyonya damu.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya niweke kitabu chini nitafakari, ni suala la nani ananyonya nani. Mwishoni tunagundua kwamba wanaowateka viumbe hao ni wanadamu, tena wanaume wasomi wa klabu ya sayansi, wenye maabara safi na nembo ya pweza wa shaba. Wanawafunga wanyonya damu kwa mashine na kuwatoa damu wafanye majaribio. Aliyeogopwa ndiye anayenyonywa, na mnyonyaji amevaa koti la daktari.

HATUA YA NNE: MTAFUTIE NDUGU NYUMBANI

Waliosema huu ni upuuzi wa Wazungu wangefanya vyema kuuliza kama sisi hatuna ya kwetu. Shaaban Robert alituandikia *Kusadikika* mwaka 1951, nchi inayoelea angani. Katika *Adili na Nduguze* ya 1952, watu wamegeuzwa manyani. Katama Mkangi alimrusha mhusika wake hadi nchi ya *Walenisi* mwaka 1995. Said Ahmed Mohamed, huyohuyo wa *Utengano* yangu, alimtoa babu kaburini katika *Babu Alipofufuka* mwaka 2001. Na Fumo Liyongo je? Shujaa huyo hakuuawa kwa chochote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Mnyonya damu naye huuawa kwa kijiti cha mti moyoni. Hao ni mtu na binamu yake.

Lakini ndugu wa karibu zaidi ni yule anayesimuliwa na wazee. Neno mumiani mnalijua. Nchini Kenya, Uganda na Tanganyika wakati wa ukoloni, zilienea habari kwamba kuna watu wanaokamata wapita njia usiku ili kuwatoa damu. Nairobi wengi waliwaita wazimamoto, kwa kuwa ilisemekana ni wale wa kikosi cha kuzima moto, wenye sare na gari lao. Mwanahistoria Luise White wa Marekani alikusanya masimulizi hayo na kuyachapisha mwaka 2000 katika kitabu *Speaking with Vampires*. Hasemi kwamba damu ilitolewa kweli. Anasema kwamba masimulizi hayo ni ushahidi wa kihistoria, maana kwayo watu walizungumza juu ya kazi, malipo, mitambo migeni na madaraka yaliyoingia maishani mwao.

Sasa linganisheni. Katika riwaya ya Carriger kuna mashine, sare, wasomi na damu. Katika masimulizi ya babu zetu kuna gari, sare, serikali na damu. Tofauti ni kwamba Carriger aliandika ili kuchekesha, na wazee wetu walisimulia kwa hofu. Nawaomba msiisahau tofauti hiyo mnapoandika insha.

UDHAIFU MKUBWA

Hapo ndipo ninapomlaumu mwandishi. Katika kitabu chake Dola ya Uingereza imekua kwa sababu ya mipango ya wanyonya damu na askari wa mbwa-mwitu. Hata mshauri wa Malkia upande wa mbwa-mwitu anaitwa "dewan", neno lenye asili ya Kiajemi ambalo ndilo diwani letu. Cheo kimetoka Mashariki, lakini watu wa huko hawaonekani. Dola imewanyonya watu wa nchi nyingi, na riwaya inayozungumzia unyonyaji kurasa nzima haiwapi hata kiti cha kukalia.

Mvuke wa kweli haukuwa wa mapambo kwetu. Ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulianza mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, mwaka aliokufa Malkia Victoria. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walifariki. Anayetaka kuona injini za mvuke zilizopita nchini mwetu aende Makumbusho ya Reli, Nairobi. Ni nzuri kuzitazama, lakini zina jasho na damu ya watu ndani yake. Mwandishi wa stimpanki anayeikumbuka shaba ing'aayo na kumsahau mtia makaa ameandika nusu ya sentensi.

UAMUZI WANGU

Je, nimekuwa mpenzi wa wanyonya damu? La hasha! Nikipewa nafasi ya kuchagua, nitarudi kwa mwenye nyumba na kodi yake. Ladha yangu haijahama, na sioni haja ya kuihamisha. Lakini sasa nina hoja mahali nilipokuwa na mdomo tu, na ninaweza kumtetea kitabuni anayekipenda bila kujifanya ninakipenda.

Kwa hivyo ninapinga mada ya mjadala. Katoni zifunguliwe na vitabu viingie rafuni, kwa masharti mawili. Kwanza, kwa kuwa riwaya niliyoisoma ina kurasa za mahaba za watu wazima, kitabu hicho na vinavyofanana nacho vikae katika kabati la mlezi, na atoe kwa anayestahili. Pili, kila atakayeazima alete ukurasa mmoja wenye safu mbili, SIPENDI na KIBAYA, kwa Kiswahili sanifu. Asiyeleta, asiazime tena.

ZOEZI

1. Tunga sentensi tano za -ngali- kuhusu historia ya Kenya. Chagua moja na uendeleze kipande cha pili kwa aya mbili. (Kwa mfano: Fumo Liyongo angalikuwa na meli ya mvuke...)
2. Eleza tofauti kati ya kejeli na dhihaka ukitumia mfano wa karamu.
3. Muulize mzee mmoja wa kwenu habari za mumiani au wazimamoto. Andika maneno yake kama alivyosema. Usimcheke, usimkatize.
4. "Msomaji hodari ni yule anayependa kila kitabu." Jadili.

Majibu bora ya swali la kwanza na la tatu yatasomwa katika mkutano wa kwanza wa muhula ujao. Mleteeni katibu kabla ya kufunga shule. Wasalaam.